Madhehebu, Kabila na Bunduki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe Katika Nchi za Kiarabu

Maswali haya huulizwa vijiweni, madarasani, baada ya swala na kwenye makundi ya WhatsApp, kila picha za Aleppo, Sanaa au El Fasher zinapozagaa kwenye simu zetu. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu jibu fupi hupotosha. Msimamo wangu nausema mapema: tofauti ya dini au kabila ipo kweli na ina uzito, ila haijawahi kuanzisha vita peke yake. Tazama kwanza nani alikuwa anagawa ulinzi, kazi na haki, na aliwagawia akina nani.

Si ni ugomvi wa Wasunni na Washia tu, ulioanza miaka 1,400 iliyopita?

Hapana, na jibu hilo ndilo linalotuzuia kuelewa mengine yote. Ni kweli kwamba swali la nani ashike uongozi baada ya kufariki Mtume Muhammad mwaka 632 ndilo lililozaa pande mbili, na kuuawa kwa mjukuu wake Hussein huko Karbala mwaka 680 ni msiba ambao Washia huukumbuka kila Muharram. Lakini kukumbuka si kupigana. Kati ya Karbala na leo zimepita karne ambazo watu wa pande hizi walikaa mtaa mmoja, wakauziana, wakazikana na kuoana. Mjini Baghdad, hadi miaka ya karibuni, mke wa Kishia na mume wa Kisunni lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Chukua vita vya Iran na Iraq, 1980 hadi 1988. Kama dhehebu lingekuwa ndilo linaloamua, askari wa Iraq, ambao wengi wao walikuwa Washia, wangehamia kwa Ayatollah Khomeini wiki ya kwanza. Hawakuhama. Kwa miaka minane walipigana na Washia wenzao wa Iran kwa sababu wao ni Wairaqi na wale ni jeshi la nchi nyingine.

Mtu haamki asubuhi akaanza kumchukia jirani yake wa miaka thelathini. Hukimbilia kwa watu wa dhehebu lake kwa sababu kituo cha polisi kimefungwa, jeshi limekuwa la upande mmoja, mshahara hauji, na usiku ukiingia hao ndio pekee watakaomfungulia mlango. Akishaingia humo, hukuta mwenye bunduki anamsubiri.

Makundi ni mengi mno. Nani ni nani?

Wasunni ndio wengi katika nchi nyingi za Kiarabu. Washia wana matawi: Ithnaashari, walio wengi Iraq na Bahrain na wenye nguvu Lebanon kusini (dhehebu lile lile la Makhoja Ithnaashari wa Dar es Salaam na Mombasa), Wazaidi wa Yemen kaskazini, ambao fikihi yao iko karibu na ya Wasunni kuliko wengi wanavyodhani, na Waismaili. Waalawi, dhehebu lililochipuka kutoka Ushia, ni watu wa milima ya pwani ya Syria. Wadruzi ni jamii yenye dini yake, iliyochipuka kutoka Uismaili karne ya 11, nao hawapokei waongofu. Waibadhi wa Oman si Wasunni wala Washia. Msomaji wa Zanzibar hahitaji kuelezwa zaidi. Wakristo nao wapo wa aina nyingi, kuanzia Wamaroni wa Lebanon wanaomtii Papa hadi Waorthodoksi wa Syria.

Juu ya hayo kuna lugha na kabila. Wakurdi wengi ni Wasunni, ila si Waarabu. Mwaka 1988, serikali ya Iraq chini ya Saddam Hussein ilipoendesha operesheni ya Anfal dhidi ya Wakurdi na kuupiga mji wao wa Halabja kwa gesi ya sumu tarehe 16 Machi, wakafa watu wanaokadiriwa kufika 5,000 siku hiyo, waliouawa wengi walikuwa Wasunni na utawala uliowaua uliongozwa na Wasunni.

Lebanon iliwezaje kuporomoka, na ilisifiwa kuwa mfano wa watu kuishi pamoja?

Hapa nitakaa kidogo, maana Lebanon inaonyesha kila kitu.

Ufaransa ilitangaza Lebanon Kuu tarehe 1 Septemba 1920, ikaunganisha Mlima Lebanon wenye Wamaroni wengi na miji ya pwani na mabonde yenye Waislamu wengi. Sensa ya 1932 ilionyesha Wakristo wamezidi kidogo. Mwaka 1943, nchi ilipokuwa inapata uhuru, viongozi wakakubaliana kwa mdomo: rais awe Mmaroni, waziri mkuu Msunni, spika wa bunge Mshia, na bungeni kila Waislamu watano wakabiliwe na Wakristo sita. Tangu 1932 haijafanyika sensa nyingine rasmi. Kila mtu alijua kwamba Waislamu, hasa Washia, wanaongezeka, na kila mtu alijua kwamba kuwahesabu ni kuuvunja mkataba.

Hesabu hiyo haikuishia ikulu. Ilishuka hadi kwenye ukarani wa wizara. Ukitaka kazi, shule, kitanda hospitalini au barabara ya kijiji, ulipitia kwa mkubwa wa dhehebu lako, naye alikuhudumia ili umpigie kura. Madhehebu 18 yanatambuliwa na sheria, na yanaendesha mahakama zao za ndoa, talaka na malezi ya watoto. Hadi leo Lebanon haina sheria ya ndoa ya kiserikali. Wachumba wasiotaka kwenda kwa sheikh wala kwa padri hupanda ndege kwenda Cyprus, na wakirudi na cheti serikali inakitambua.

Wapalestina waliofukuzwa makwao mwaka 1948 walikuwa tayari kambini. Baada ya mapigano ya Jordan ya 1970, wapiganaji wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, nao wakahamia Lebanon. Wamaroni wengi waliona jeshi jingine ndani ya nchi yao. Waislamu wengi na vyama vya mrengo wa kushoto waliona washirika wa kuuvunja mgao wa 1943. Tarehe 13 Aprili 1975 watu wenye silaha walifyatua risasi nje ya kanisa katika mtaa wa Ain el-Rummaneh, Beirut, alikokuwa Pierre Gemayel, kiongozi wa Kataeb, chama cha Wamaroni. Saa chache baadaye wanamgambo wa chama hicho walilimiminia risasi basi lililobeba Wapalestina, wakaua zaidi ya 20. Vita vilidumu miaka 15.

Ni kweli watu waliuawa kwa ajili ya kitambulisho tu?

Ni kweli. Kitambulisho cha Mlebanoni wakati huo kiliandikwa dhehebu lake. Tarehe 6 Desemba 1975, baada ya vijana wanne wa Kataeb kukutwa wameuawa, wenzao waliweka vizuizi barabarani Beirut. Gari linasimamishwa, dereva anatoa kitambulisho, mwenye bunduki anasoma mstari mmoja. Mwislamu alishushwa. Zaidi ya watu mia moja waliuawa siku hiyo, wengine wakiwa makuli wa bandarini na makarani waliokuwa wanakwenda kazini. Pande nyingine nazo ziliweka vizuizi vyao. Mwezi uliofuata, Januari 1976, Waislamu wa Karantina walichinjwa, na siku chache baadaye Wakristo wa Damour wakachinjwa.

Ukiwauliza waliokuwepo, wengi watakuambia kwamba wiki zile ndizo zilizowahamisha. Mlebanoni ambaye hajawahi kujali dhehebu la mpangaji mwenzake alilazimika kujali, kwa sababu mtu wa kizuizini anajali. Beirut ikakatwa vipande viwili na mstari wa mapigano ulioota majani na miti katikati ya mji kwa kukosa wapitaji.

Iraq ilipitia jambo hilo hilo miaka 30 baadaye. Kitambulisho cha Iraq hakikuandikwa dhehebu waziwazi, kwa hiyo wauaji wa 2006 walisoma majina. Wanaume walioitwa Omar, jina la khalifa wa pili lisilopendwa na Washia wengi, walitafuta vitambulisho vya kughushi. Watu walitembea na viwili mfukoni, wakikariri ni kipi cha kutoa kizuizi gani.

Kwa hiyo Lebanon ilikuwa vita vya Wakristo dhidi ya Waislamu?

Kwa miaka michache ya mwanzo, kwa kiasi kikubwa. Baadaye tazama: mwaka 1976 jeshi la Syria liliingia kuwanusuru viongozi wa Wakristo dhidi ya Wapalestina na washirika wao wa mrengo wa kushoto. Kati ya 1985 na 1988 Amal, chama cha Washia, kilizizingira kambi za Wapalestina, ambao wengi ni Wasunni, mpaka watu wakala paka. Amal kisha wakapigana na Hezbollah, Washia kwa Washia. Mwaka 1990 Jenerali Michel Aoun na Samir Geagea, wote Wamaroni, walipigana katika mitaa ya Wakristo na kuibomoa kuliko maadui wao walivyowahi kuibomoa. Waliokufa katika vita vyote wanakadiriwa kufika 150,000.

Huo ndio mwendo wa vita hivi karibu kila mahali. Vinaanza kati ya makundi, vinaishia ndani ya kundi, kwa sababu mwenye bunduki aliyesema anawalinda watu wake lazima amwondoe kila mwingine anayesema vivyo hivyo.

Je, Iraq ingebaki salama kama Marekani isingeivamia?

Saddam hakuwa amani. Waulize Wakurdi wa Halabja, au Washia wa kusini walioasi mwaka 1991 wakazikwa kwa pamoja kwenye mashimo ambayo baadaye yalifukuliwa. Utawala wake ulijaza vyeo vya usalama watu wa Tikrit na koo zake, na hasira ilikuwepo.

Lakini uamuzi wa 2003 ulikuwa mbaya sana, nao una tarehe na sahihi. Tarehe 16 Mei Paul Bremer, msimamizi wa Marekani nchini Iraq, alitia sahihi amri ya kuwaondoa serikalini wakubwa wa Baath, chama cha Saddam. Tarehe 23 Mei akalivunja jeshi lote. Mamia ya maelfu ya wanaume wenye mafunzo na silaha walirudi nyumbani bila mshahara wala heshima. Julai likaundwa Baraza la Utawala la watu 25, nafasi zikagawiwa kwa hesabu: Washia 13, Waarabu wa Kisunni watano, Wakurdi watano, Mturkmeni mmoja, Mwashuri mmoja. Mgao wa Lebanon ukapandwa Baghdad. Kuanzia hapo mwanasiasa wa Iraq alikuwa na njia moja ya kupata wizara, nayo ni kusema kwa niaba ya dhehebu.

Al-Qaida waliliona pengo wakaliingia. Tarehe 22 Februari 2006 kuba la msikiti wa al-Askari huko Samarra, penye makaburi ya imamu wa kumi na wa kumi na moja wa Washia, lililipuliwa. Vikosi vya Kishia, vingine vikiwa ndani ya sare za polisi, viliingia mitaani, navyo vikundi vya Kisunni vikajibu. Kila asubuhi Baghdad ilikuwa inaokota maiti. Mitaa ya mchanganyiko ilisafishwa, ikazungushiwa kuta za zege. Miaka minane baadaye, Juni 2014, kundi la Dola ya Kiislamu liliiteka Mosul, na Agosti likawaangukia Wayazidi wa Sinjar, jamii ndogo yenye dini yake: wanaume wakauawa, wanawake na wasichana wakauzwa.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: Oktoba 2019 vijana wa Baghdad na wa miji ya kusini, wengi wao Washia, waliingia barabarani kuipinga serikali inayoongozwa na Washia. Walidai kazi, umeme na mwisho wa mgao wa madhehebu. Mamia waliuawa kwa risasi.

Waalawi ni wachache. Waliitawalaje Syria zaidi ya miaka 50?

Walianzia kwenye umaskini. Kabla ya Wafaransa, Waalawi waliishi milimani wakiwalimia wenye ardhi wa mijini, na familia nyingi zilipeleka mabinti kuwa watumishi wa ndani Latakia na Damascus. Ufaransa iliwapa eneo lao la utawala kuanzia 1920, Wadruzi wakapewa lao, na jeshi la kikoloni likaajiri sana vijana wa makundi madogo. Matajiri wa Kisunni waliona jeshi ni kazi ya wasio na kwao, wakawalipia watoto wao wasiende. Kijana wa milimani aliona ndiyo shule pekee isiyo na ada.

Chama cha Baath cha Syria kilipopindua serikali tarehe 8 Machi 1963, maofisa hao walikuwa wameshapanda. Hafez al-Assad alichukua madaraka Novemba 1970. Hakutawala na Waalawi peke yao: Mustafa Tlass, waziri wa ulinzi kwa miaka 30 na zaidi, wake na wa mwanawe Bashar, alikuwa Msunni, na wafanyabiashara wakubwa wa Damascus na Aleppo walifaidika. Lakini vitengo vya usalama vilivyoweza kuuangusha au kuuokoa utawala alivikabidhi ndugu na watu wa kwao. Mwaka 1982 jeshi liliuponda mji wa Hama ulioasi chini ya Udugu wa Kiislamu; makadirio ya waliouawa yanaanzia 10,000 na kupanda mara kadhaa.

Machi 2011, chini ya Bashar, wavulana wa Dara'a walikamatwa na kuteswa kwa kuandika ukutani maneno ya kuupinga utawala. Wazazi waliandamana, wakapigwa risasi. Kauli za maandamano ya mwanzo zilikuwa za umoja; walisema Wasyria ni kitu kimoja. Utawala ulihitaji iwe vinginevyo, kwa sababu Mualawi asiye na hofu hana sababu ya kumfia Assad. Uliwafungulia jela wapiganaji wa jihadi, ukatuma wanamgambo kutoka vijiji vya Waalawi kuingia vijiji vya Wasunni. Huko Houla, Mei 2012, waliuawa watu 108, karibu nusu yao watoto. Mwaka uliofuata vikundi vya waasi viliingia vijiji vya Waalawi karibu na Latakia, vikaua raia karibu 190. Baada ya hapo hofu haikuhitaji tena kuchochewa.

Assad ameshaondoka. Mbona mauaji yameendelea?

Bashar al-Assad alikimbilia Moscow tarehe 8 Desemba 2024. Machi 2025, baada ya mabaki ya jeshi lake kushambulia vikosi vya serikali mpya pwani, watu wenye silaha walimiminika huko. Waligonga milango na kuuliza swali moja: wewe ni Mualawi? Tume ya Umoja wa Mataifa ilihesabu waliouawa kuwa karibu 1,400, wengi wao raia. Julai mwaka huo huo ikawa zamu ya Suwayda, ambako Wadruzi na Mabedui walipigana, na vikosi vya serikali vikaingia katikati kwa namna iliyozidisha maafa.

Fundi Mualawi wa Baniyas, huko pwani, aliyelipwa mshahara wa njaa na Assad ameuawa kama vile yeye ndiye aliyekuwa ikulu. Hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu hicho ndicho alichokitaka Assad: wasitofautishwe yeye na watu wake.

Wahouthi si ni mkono wa Iran tu?

Iran inawapa silaha na utaalamu, hilo halina ubishi. Lakini Iran haikuwaumba waasi hawa wa Yemen kaskazini.

Maimamu wa Kizaidi walitawala Yemen kaskazini kwa karne nyingi hadi mapinduzi ya 26 Septemba 1962. Katika vita vilivyofuata, hadi 1970, Misri ya Gamal Abdel Nasser ilipeleka makumi ya maelfu ya askari kuisaidia jamhuri. Na nani alimfadhili imamu huyo wa Kishia? Saudia. Ufalme uliogopa jamhuri mlangoni kwake kuliko ulivyojali dhehebu la mtu.

Baada ya vita Wazaidi wa Saada, ngome ya zamani ya uimamu, waliachwa nyuma. Kuanzia miaka ya 1980 shule ya Wasunni wa Kisalafi ilijengwa Dammaj, katikati ya eneo lao. Vijana wa Kizaidi wakajipanga kuilinda mila yao, na Hussein al-Houthi akawa sauti yao mpaka alipouawa na jeshi Septemba 2004. Aliyewapiga katika vita sita, 2004 hadi 2010, ni Rais Ali Abdullah Saleh, naye Mzaidi. Saleh huyo huyo, baada ya kuondolewa ikulu, aliungana nao. Wakaingia Sanaa tarehe 21 Septemba 2014, wakitumia hasira ya watu waliopandishiwa bei ya mafuta. Desemba 2017 wakamuua.

Muungano wa Saudia na Falme za Kiarabu ulianza mabomu Machi 2015. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba hadi mwisho wa 2021 walikuwa wamekufa watu 377,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Na huko kusini, Aden, Wasunni waliofadhiliwa na Falme za Kiarabu walipigana na Wasunni waliofadhiliwa na Saudia. Wahadhrami, ambao jamaa zao wamejaa Lamu, Mombasa na Unguja, ni Washafii kama ndugu zao wa huku, na mgogoro wao mkubwa ni nani anachukua mafuta ya ardhi yao na kwa mkataba gani.

Na Sudan? Wanaouana sasa wote ni Waislamu.

Ndiyo. Vita vya Kaskazini na Kusini, 1955 hadi 1972 na tena 1983 hadi 2005, vilielezwa duniani kuwa vya Waislamu na Wakristo. Rais Nimeiri kweli alilazimisha sheria za Kiislamu nchi nzima mwaka 1983, na hilo liliwasha moto upya. Lakini mwaka huo huo alikuwa ameligawa upya eneo la kusini lenye utawala wake, na mafuta yalikuwa yameshagunduliwa. Katika Milima ya Nuba, ambako Mwislamu na Mkristo huzaliwa tumbo moja, fatwa ya 1992 iliwatangaza hata waasi Waislamu kuwa wameritadi. Dini ilifuata mahitaji ya vita.

Darfur, kuanzia 2003, hapakuwa na Mkristo wa kusingiziwa. Wafur, Wamasalit na Wazaghawa ni Waislamu, baadhi wakijulikana kwa hifadhi ya Qur'ani. Waliochoma vijiji vyao, Janjaweed, nao ni Waislamu. Kilichowagawa ni ardhi na malisho, na serikali ya Khartoum iliyowapa silaha wafugaji wa Kiarabu iwatumie badala ya jeshi. Kutokana na wanamgambo hao kikazaliwa kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo, Hemedti. Tarehe 15 Aprili 2023 Hemedti na mkuu wa jeshi, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, waliopindua pamoja serikali ya kiraia, walianza kupigana Khartoum. Vita vya majenerali wawili, lakini vilipofika El Geneina, Darfur, vikawa mauaji ya Wamasalit kwa sababu ya umasalit wao, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipewa makadirio ya waliouawa mjini humo ya kati ya 10,000 na 15,000. Maelfu ya waliokimbia Sudan sasa wako Kiryandongo, Uganda, na wengine wamefika Kakuma.

Kuna nchi ya Kiarabu isiyo na mgawanyiko wa madhehebu iliyopigana?

Algeria, baada ya jeshi kufuta uchaguzi Januari 1992. Libya, karibu wote Wasunni wa Kimaliki, ambako wakazi wa mji wa Tawergha walifukuzwa wote mwaka 2011. Na jirani yetu Somalia, mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1974: dini moja, dhehebu moja, lugha moja kwa walio wengi. Siad Barre aliposambaratika Januari 1991 watu waligawanyika kwa koo. Palipokosekana dhehebu, ukoo ulifanya kazi ile ile.

Oman ina Waibadhi, Wasunni na Washia. Ilinusurikaje?

Haikunusurika kirahisi. Kuanzia 1965 Dhofar ilipigana na sultani, na Wadhofari ni Wasunni chini ya mtawala wa Kiibadhi. Sultan Said bin Taimur alikuwa ameliacha jimbo karibu bila shule, hospitali wala barabara. Qaboos, ambaye mama yake alikuwa Mdhofari, alimpindua baba yake tarehe 23 Julai 1970. Aliendelea na vita kwa msaada wa Uingereza na Iran ya Shah, lakini pia alitoa msamaha, akawapokea walioasi pamoja na bunduki zao kama walinzi wa vijiji vyao, akachimba visima na kufungua zahanati. Kufikia 1976 mapigano yalikuwa yamekwisha. Aliwaita pia Waomani waliotawanyika, wakiwemo waliozaliwa Zanzibar na bara, wanaozungumza Kiswahili Muscat hadi leo. Sisemi Oman ni nchi ya uhuru wa kisiasa, si hivyo. Nasema Mdhofari alipata daktari kutoka kwa serikali ile ile aliyokuwa anaipiga risasi.

Kwa nini wasigawane nchi kila mtu aende zake?

Sudan ilijaribu. Mazungumzo yalifanyika Machakos na Naivasha chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, mkataba ukasainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na Sudan Kusini ikawa huru tarehe 9 Julai 2011 baada ya karibu asilimia 99 kupiga kura ya kujitenga. Ilikuwa haki yao. Desemba 2013, Rais Salva Kiir na makamu wake wa zamani Riek Machar walifarakana, na Wanuer wakawindwa nyumba kwa nyumba Juba. Mpaka mpya uliwatenganisha na Khartoum, haukuwapa jeshi lisilo la mtu. Na Syria, ukitaka kuikata, utapitisha kisu katikati ya Homs, mtaa kwa mtaa, na ndani ya nyumba za waliooana.

Vita vikiisha, wauaji hufanywa nini?

Mara nyingi hupewa wizara. Mkataba wa Taif wa Oktoba 1989, wa kumaliza vita vya Lebanon, uliwasawazisha Wakristo na Waislamu bungeni, nusu kwa nusu, ukaahidi kwamba mgao wa madhehebu utafutwa baadaye. Haujafutwa. Agosti 1991 bunge likapitisha msamaha kwa makosa mengi ya vita, na makamanda wa vizuizi vya barabarani wakawa waheshimiwa. Watu wapatao 17,000 walikuwa hawajulikani walipo. Wake na mama zao waliandamana kwa miongo mpaka sheria ya kuunda tume ya kuwatafuta ikapita Novemba 2018.

Syria imeanza mapema zaidi. Mei 2025 iliunda tume mbili, moja ya waliopotea na nyingine ya haki baada ya vita. Lakini amri iliyounda hiyo ya pili inataja makosa ya utawala wa Assad peke yake. Mama wa Idlib ambaye mwanawe alichukuliwa na waasi, na mama wa Baniyas aliyeuliwa mwanawe Machi 2025, hawamo katika amri hiyo.